Tenti Mwisho wa Lami

Jumanne, 5 Agosti 2025

"Gari likishavuka mstari, mashindano yamekwisha. Lami ya baada ya hapo ni ya nini?" Maneno ya Kiprotich, mwenyekiti wa kamati yetu, leo mchana, mbele ya watu wazima, huku akikoroga chai.

Ya nini! Ya kusimamia, mwenyekiti. Gari linalovuka mstari kwa kilomita mia mbili kwa saa halina habari kwamba mashindano yamekwisha. Yamekwisha kwa watazamaji. Kwa dereva ndiyo kwanza yanaanza. Nimesoma kanuni za kila nchi niliyoweza kupata, na zote zinasema jambo moja: mita mia nne za kukimbia, kisha nyingi zaidi ya hizo za kusimama. Waliopuuza walizika watu.

Nilisema hivyo. Kwa sauti. Kiprotich akanijibu: "Mwalimu, wewe hata harusini ungeuliza talaka itafanyiwa wapi." Wakacheka wote. Nami nikatabasamu kama mjinga.

Tunafungua uwanja wetu wa drag, magari mawili mawili yakishindana kwenye lami iliyonyooka, Jumamosi ya wiki ijayo.

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Nimekwenda kuuona uwanja, huko upande wa Gilgil. Upepo na vumbi jeupe mpaka kwenye meno. Lami imenyooka katikati ya shamba la Mzee Waithaka — shamba la mzungu zamani, baba yake na wenzake wakalinunua kwa hisa. Huu udongo wetu wa majivu! Ukiushindilia leo, mvua ya kesho inaubonyeza. Mwezi wa nne ufa ulifunguka ukameza kokoto lori baada ya lori. Tukaujaza. Ardhi tuliishinda. Kamati ndiyo imetushinda.

Mwisho wa lami palikuwa na rundo refu la mchanga, la kunasa gari lililokosa breki. Halipo! Nikamuuliza Bethwel, msimamizi wa ujenzi.

"Mchanga umejenga vyoo vya wageni, Mwalimu. Mheshimiwa ndiye mgeni rasmi, hawezi kwenda kichakani."

Na pale pale, juu ya lami ya kusimamia, kuna miraba imechorwa kwa chokaa. Hiyo nayo?

"Tenti."

Nilirudi nyumbani bila kuaga.

Jumapili, 10 Agosti 2025

Sikwenda kanisani. Nilikaa jikoni na Abby.

Mwanangu huyu alikuwa mmoja wao — vijana wa alfajiri ya Jumapili, pale Free Area, wakishindana kwenye barabara kuu, magari mawili sambamba na malori yakija. Mwaka jana mwenzao Kipkemoi wa Kaptembwo aliingia chini ya lori. Jioni ya mazishi nilimwambia Abby: achana na barabara, nitapigana mpaka mpate uwanja wenu. Akanipa neno lake na amelishika. Subaru yake inakwenda kazini na kurudi, pole pole kama ya padri. Na Jumamosi ndiyo itakayotangulia kukimbia.

Nikamweleza habari za tenti. Nikamsihi asikimbie.

"Mum, nikikataa wataweka mwingine. Na ufunguzi ukikufa, machali wote, vijana wa Free Area, wanarudi highway Sunday hiyo hiyo."

"Na wewe?"

Akaosha kikombe ambacho kilikuwa kimeshaoshwa.

Jumatano, 13 Agosti 2025

Kikao. Niliomba jambo dogo sana: tenti zihamishwe ubavuni, nyuma ya ukuta wa zege, kama dunia nzima inavyofanya.

"Ubavuni?" Kiprotich alishika kifua. "Mheshimiwa akae ubavuni kama mtu aliyekuja mnada wa ng'ombe? Mgeni anakaa mbele, Mwalimu. Vitu vinakuja kwake."

Vitu vinakuja kwake! Huo ndio ugonjwa wetu. Hatujui kufanya jambo lolote bila kwanza kuuliza sofa zitawekwa wapi. Mazishini mjane anakunja shingo ili aone jeneza nyuma ya kofia za wakubwa. Siku ya michezo shuleni watoto wanakimbia wakielekea juani ili mgeni akae kivulini. Sasa tumefika mahali tunapanga sofa mbele ya magari yanayokimbia, na anayeuliza anaitwa adui wa maendeleo.

Suluhisho lao? Madereva waambiwe wapunguze mwendo. Kwenye drag! Ni kumwambia bondia apige, lakini asiguse.

Mzee Waithaka peke yake aliinua mkono pamoja nami. "Mimi nilitoa shamba ili hawa watoto wapate pa kusimama," alisema. Kiprotich akamwahidi kiti cha safu ya tatu. Mzee akavaa kofia, akatoka.

Ijumaa, 15 Agosti 2025

Nimepiga simu kila mahali. Ofisi ya mheshimiwa: anapenda kukaa mbele. Askofu atakayefungua kwa sala: ataziombea breki.

Nimechoka. Sina hoja mpya. Zile za zamani zinatosha na hazimfai mtu.

Abby anabadilisha matairi uani, anaimba.

Jumamosi, 16 Agosti 2025

Naandika juu ya usukani. Nitasoma baadaye kama kutakuwa na baadaye.

Tenti ziko pale pale. Nyeupe, zulia jekundu, sofa, maji ya chupa mezani. Askofu amemaliza. Abby yuko nyuma yangu kwenye mstari, injini inanguruma, na mwenzake kando yake. Mimi nimeleta Probox yangu mbele yao nikaiegesha kukingama lami. Funguo nimezitia kwenye soksi.

Spika: "Mwenye Probox nyeupe, tafadhali, unazuia programu." Watu wanacheka. Wanadhani nimepotea.

Kiprotich amekuja mbio, jasho mpaka kwenye tai. "Mwalimu, unatuaibisha mbele ya mgeni!" Nimefunga kioo. Sasa ameita vijana wa usalama. Wanazunguka gari, wanatafuta pa kushika walinyanyue kando ya lami. Kupitia kioo cha upande wa pili namwona Abby ametoa helmeti, ananiangalia. Hapigi honi. Sasa anaivaa tena.

Wameshika bampa. "Moja, mbili —" Probox si nzito. Tairi za nyuma zimeondoka chini.

Ninyi wa safu ya mbele! Wewe mheshimiwa, wewe askofu, ninyi mama wenye kofia! Kutoka hapa nyuso zenu ni nukta tu, lakini najua mnatabasamu. Msiniangalie mimi, iangalieni hii lami ilivyonyooka hadi magotini penu. Inukeni. Acheni maji, acheni sofa, kimbilieni ubavuni, sasa hivi, kabla hawajaniweka chini