Nani Atakalia Cherehani Yangu?

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana hata kulia nimeshindwa. Mimi ni fundi katika karakana ya sare za shule, nashona mikono ya mashati, na bosi wetu wa zamani tulimwita Mama, mdomo wake ulikuwa mkali lakini fundi akifiwa yeye mwenyewe ndiye aliyekalia cherehani yake ili aliye msibani asikatwe mshahara, anashona huku anatutania kwamba ametudekeza, na mume wangu alipofariki alinishonea mpaka vidole vikamvimba. Alipokuwa mgonjwa wa kufa alinishika mkono akasema, "Mwanangu huyu hajui watu, usimwache," nami nikaitikia. Mwanawe akarithi, na nisiwe mwongo, mshahara alituongeza, ila salamu hana, na juzi nilipomzika mama yangu mzazi alinipigia simu tukiwa bado makaburini, "Pole. Kesho usipokuja naweka mtu." Nikaenda, nikakuta mkono wa shati uko chini ya sindano vilevile nilivyouacha, nikaumalizia. Wenzangu wamehamia karakana ya jirani, malipo ni madogo lakini wananiita, na kila nikitaka kufunga virago namkumbuka Mama, ahadi ni deni. Nifanyeje?

Fundi wa Mikono

Pole sana, dada yangu. Lakini nikuseme kidogo. Uliahidi kutomwacha, hukuahidi kumnyamazia. Mama alikwambia mwanawe hajui watu, nawe umekaa unamtazama asivyojua! Wenzako wameondoka kimya, wewe umebaki kimya, naye anadhani nyongeza ile inatosha.

Mwendee ana kwa ana. Mwambie mama yake alikalia cherehani yako, na kwa nini mafundi hawakumkimbia hata alipowalipa kidogo. Akisikia, baki umfundishe. Akikujibu, "Si nakulipa?" basi deni lako limeisha. Toa taarifa, dai haki zako, wafuate wenzako. Marehemu hatakulaumu.

Ila hayo yangoje. Barua nzima umemsimulia mama wa karakana, mama yako mzazi umempitia mbio, katikati ya habari za kazi. Kesho omba ruhusa, na akikunyima, usiende. Funga mlango, umlilie mama yako. Cherehani mtu anaweza kukukalia, dada. Kilio hicho hakuna wa kukulilia.