Siku Mama Alipotokea Mlango wa Mbele

Chumba cha uani,
Jumamosi, 14 Agosti.

Mpendwa Mama Mdogo,

Leo nimeapa kukueleza yote, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuruka jambo na bila kujipamba pale nilipokosea. Ukiona alama nyeusi ya kidole gumba pembeni mwa karatasi hii, usidhani nimekuwa mchafu. Ni rangi ya mlango. Nimeisugua kwa sabuni na kwa mchanga, haitoki, na sasa nimeamua kuiacha.

Lakini salamu kwanza, maana kutoa habari bila salamu ni kuingia nyumbani kwa mtu bila hodi. U hali gani? Mgongo wako umepata nafuu? Baridi ya huko bado inakulaza na soksi? Sisi huku hatujambo. Dada ni mzito sasa, anatembea ameshika kiuno, na akikaa kwenye kochi inabidi tumvute kama ndoo ya kisimani. Mama ni mzima. Bado anapika chai pale baraza la mji, bado anaingia na kutoka kwa mlango wa nyuma pamoja na wafagiaji, na majirani bado wanamwita Mama Kimya. Huenda jina hilo likabadilika, ndiyo maana nakuandikia.

Mwanzoni mwa mwezi tulisikia kwamba baraza linataka kuifunga wodi ya wazazi katika zahanati yetu ili chumba kile kiwe ofisi. Wajawazito waende hospitali kubwa, ng'ambo ya pili ya mji. Unaijua njia ile, mabasi mawili na kupanda kilima. Dada aliposikia alizitoa nguo za mtoto kabatini, ambazo zilikwisha kufuliwa na kukunjwa, akazifua upya.

Jirani yetu fundi cherehani, yule mwembamba wanayemwita Sindano, ndiye aliyewakusanya watu. Walikuja kina mama wanaoshona naye, wachukuzi wa sokoni, na wauza mboga. Wakakubaliana kwamba Alhamisi, siku ya kikao cha madiwani, wote wataacha kazi asubuhi, wataandamana hadi baraza la mji, watapaza sauti langoni, kisha watarudi kazini kabla ya mchana. Hakuna aliyepanga zaidi ya hapo, kwa sababu kazi ya kibarua haisubiri mtu.

Mama alisikia mipango yote, akaendelea kuchambua mchele. Kazini walikuwa wameonywa kwamba mhudumu yeyote atakayeonekana na waandamanaji ajitafutie pengine. Na sisi, kama ujuavyo, tunakula kwa mikono yake tu. Sikumlaumu. Lakini Mama Mdogo, nitasema kweli kwa kuwa nimeapa: nilikukumbuka wewe. Nilikumbuka ulivyotusimulia mlipokuwa shule ya bweni, siku ile ya uji wenye wadudu, ulivyoinuka bwaloni ukatoka nje na wanafunzi wote wakakufuata, na Mama akabaki ameinamia bakuli lake. Nikajiambia, laiti Mama Mdogo angekuwapo.

Sasa nafika kwenye kosa langu. Kwa kuwa tuko likizo, na kwa kuwa mwandiko wangu unasifiwa, Fundi Sindano aliniita nimwandikie bango. Alinipa ubavu wa boksi na rangi nyeusi iliyobaki alipopaka mlango wake. Cherehani zote zilikuwa zinakwenda, chumba kinanguruma, naye ana pini mdomoni. Akaniambia niandike neno moja tu, kubwa, lisomeke hadi ghorofani. Akalitaja. Nikaandika kwa uangalifu wote niliofundishwa, herufi zikasimama sawasawa kama wanafunzi mstarini. Rangi ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo tulilibeba bango limelala kama sinia, na hakuna aliyelisoma njiani.

Mama Mdogo, ungeona barabara ile. Sijawahi kutembea na watu wengi namna ile wanaokwenda mahali pamoja. Wachukuzi walikuwa na kamba zao mabegani, mafundi wana futi za kupimia shingoni, na kinyozi alitoka dukani na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja.

Tulipofika langoni, Fundi Sindano aliliinua bango juu. Watu wakalisoma. Wakatazamana. Naye akaligeuza alitazame.

"Mwandishi," akaniita, "hii ni nini?"

"Si ulisema HATUTOKI?"

"Nilisema hatutaki, mwanangu. Hatu-ta-ki."

Nilitamani ardhi ipasuke nidumbukie. Lakini kabla sijajibu, mchukuzi mmoja wanayemwita Gunia alitupa kamba yake chini na kuikalia.

"Limeandikwa hatutoki," alisema. "Mimi maandishi siyabishii."

Kina mama wakaangua kicheko, na mmoja baada ya mwingine wakakaa. Mlinzi wa lango akaja mbio.

"Nyie, si mlisema mnapita tu?"

"Soma bango, baba," fundi mmoja wa kike akamwambia.

"Nimelisoma. Hata mke wangu alijifungulia pale zahanati. Ila msikalie maua, nitafukuzwa mimi."

Basi tukasogea tukayaacha maua. Wimbo hatukuwa nao, kwa hiyo tuliimba neno lile lile, hatutoki, hatutoki, wachukuzi kwa sauti nzito na mafundi kwa sauti nyembamba. Muda wa kurudi kazini ukafika, ukapita, na hakuna aliyeinuka.

Yaliyotokea ndani alitusimulia Mama mwenyewe baadaye, nami nayaandika alivyosema. Alikuwa ameingiza sinia la chai kwenye chumba cha kikao, madirisha yako wazi. Mwenyekiti akauliza watu wanasema nini huko nje. Katibu akasema wanasema hatutaki. Diwani mmoja akasema hapana, sikilizeni vizuri, wanasema hatutoki. Mwenyekiti akacheka. "Watachoka," akasema. "Mimina chai, mama."

Mama hakumimina. Aliliweka sinia mezani, akalisogeza katikati lisije likaanguka, akatoka.

Sisi tulichoona ni mlango wa mbele kufunguka. Ule mlango mkubwa wa vioo, ambao Mama anaufuta kila siku na hajawahi kuupita. Akasimama kwenye ngazi na aproni yake. Wimbo ukakatika. Nilijua anakuja kunishika mkono anirudishe nyumbani.

"Nani kaandika hilo bango?" akauliza.

Vidole vyote vikanielekea mimi. Nikasimama. Akashuka, akaliangalia bango kama anavyoangalia daftari langu la shule, kwa utaratibu, tangu herufi ya kwanza.

"Hiyo O imekaa vizuri," akasema. "Haya, nisogezee nafasi."

Akakunja aproni yake, akakaa kando yangu chini.

"Mama Kimya leo kasema," Gunia akamwambia.

"Nimesema nini? Nimekaa tu," Mama akajibu, na watu wakacheka tena.

Kisha ule mlango haukufungika. Akatoka mpiga chapa na mkoba wake. Akatoka tarishi. Akatoka hata dereva wa mwenyekiti, funguo za gari mkononi, na Fundi Sindano akawakaribisha kama mwenye nyumba: "Karibuni, karibuni, viti vimejaa, kaeni na sisi chini." Nilimshika Mama mkono. Hakuutoa, Mama Mdogo.

Mwishowe alitoka mwenyekiti. Hakuna aliyemletea kipaza sauti, maana mwenye kazi hiyo ni tarishi, na tarishi amekaa. Ikabidi apaze sauti yake mwenyewe. Akasema wodi haitafungwa kwa sasa, na jambo lote litapelekwa kwenye mkutano wa wakazi, uwanjani, mwezi ujao, kila mtu aje aseme lake. Fundi anasema tusishangilie mno, nguo haiishi kwa mshono mmoja. Hata hivyo Dada aliposikia alikunja zile nguo za mtoto na kuzirudisha kabatini akiimba.

Lililobaki ni kazi ya Mama. Tulipokuwa tunaondoka, katibu alimtazama, akamwambia, "Tutaonana Jumatatu." Tangu hapo tunaligeuza neno hilo kama sarafu na hatujui kama ni salamu au ni tishio. Mama amepiga pasi aproni. Anasema Jumatatu atakwenda kama kawaida, ila ataingia kwa mlango wa mbele, kwa kuwa sasa anaijua njia. Tuombee. Akifukuzwa, Fundi ameahidi kumpa nafasi kwenye cherehani, ingawa Mama hajawahi kushona hata kifungo kikakaa.

Njiani kurudi nyumbani Alhamisi ile nilimwambia Mama kwamba amekuwa kama wewe siku ile ya uji. Alicheka mpaka akashika ukuta wa nyumba ya watu. Nikamuuliza anacheka nini. Akajifuta macho, akasema, "Muulize mama yako mdogo." Nimembembeleza siku mbili sasa, naye amerudi kwenye ukimya wake, ila anautabasamia.

Dada anakusalimu, anasema mtoto anapiga teke kila akisikia jina lako. Fundi Sindano na Gunia wanakusalimu pia bila kukujua. Wasalimie watoto wa huko na mwenye nyumba wako. Mungu akuoneshe heri ya kila asubuhi, na akurudishe kwetu ukiwa na mgongo ulionyooka.

Ni mimi mwanao nikupendaye, mwenye kidole cheusi.

Tena, Mama Mdogo, usiniandikie habari nyingine yoyote kabla hujanijibu hili moja, kwa barua ya kwanza itakayoondoka huko: siku ile bwaloni, aliyeinuka kwanza alikuwa nani?