Sogea Dirishani, Usiguse Kioo

Mume wangu, Baba Kibogoyo,

Karatasi haitoki chumba hiki cha karantini, ndiyo maana nimeibandika kiooni uisome ukiwa huko nje.

Chai ya humu ni maji ya moto tu. Kibogoyo wetu ameshaota jino la mbele? Hata kukoroma kwako nakutamani, mimi niliyekuwa nikikufinya unyamaze.

Yule mgonjwa niliyemng'oa jino, damu ikakataa kukatika, amefariki. Ilikuwa ile homa ya kuvuja damu, na glavu yangu ilichanika mdomoni mwake. Leo asubuhi joto langu limepanda kidogo. Tunasubiri vipimo.

Usilie hapo, watu wanakuona. Achama tu, kama wagonjwa wangu, niyatazame meno yako.

Mkeo, upande huu wa kioo.