Mwezi wa Salum

Jumanne usiku, kuamkia Ramadhani

Salum na kidarubini chake! Siku tuliyonunua darubini zetu pale mtaani Najma nilimcheka. Yangu inakuza mara ishirini, yake mara saba tu.

Leo magharibi tulikwenda Umm Salal, nje ya mji, na wenzetu wa chumbani, kutafuta mwezi mwandamo. Yangu nzito, na kumbe inakuza hadi mtetemo wa mkono. Mbingu nzima ikawa inacheza.

Salum akapiga takbiri. Kauona! Wote wakamkumbatia yeye.

Akanipa yake. "Tazama, kaka. Juu ya ule mtende."

Nikauona. Mwembamba, umetulia, wazi kabisa.

"Sioni kitu," nikamwambia.

Roho yangu hii...

Kesho nafunga, kwa mwezi nilioukana.