Mishipa Mitatu Siyo Mshipa

Kerende, Nyamongo,
12 Mei 2019.

Mpendwa Shangazi Mokami,

Shikamoo. Natumaini hapo Isebania mnaendelea vizuri, na goti lako sasa linakubali kupanda kile kilima cha kanisani. Huku tu wazima, isipokuwa dada Gati, ambaye bado anasafishwa damu Mwanza mara tatu kwa wiki. Mama yuko naye.

Shangazi, chupa ya dawa uliyompa Robi aniletee imefika. Niliifungua, nikanusa, nikacheka mpaka wenzangu wa duarani, shimoni tunamochimba, wakaja kuniangalia. Hii ni dawa ya ngiri! Mimi sina mshipa. Najua simu yako haisikiki vizuri, ndiyo maana naandika.

Mambo ni hivi. Nilipojitolea kumpa Gati figo, madaktari walinipiga picha ya tumbo. Kwa kawaida figo moja huletewa damu na mshipa mmoja. Yangu ya kushoto, ambayo ndiyo waliyoitaka, ina mitatu. Si ugonjwa, wapo watu wengi walioumbwa hivyo bila kujua, ila kuiunganisha yote kwa mgonjwa ni kazi ngumu. Mama aliposikia "mishipa mitatu" akakupigia analia, nawe ukaitangazia Isebania nzima kwamba mtoto wa kaka yako ana mshipa, tena mara tatu. Sasa nitaoa wapi?

Wiki mbili tulikaa hatujui lolote. Gati alishaacha hata kuuliza. Alhamisi ndipo tukaitwa: watachukua ya kulia, ambayo ina mshipa mmoja tu. Upasuaji ni tarehe 27, Dodoma.

Huku kuna rashi mpya, watu wanamiminika kufuata dhahabu, na duara letu limeanza kuitema. Wenzangu wanaona nimechanganyikiwa kuondoka wakati huu. Waache wachimbe.

Gati aliniuliza kama naogopa. Nikamwambia yeye anapewa yenye mshipa mmoja, mimi nabaki na yenye mitatu, kwa hiyo nimempunja. Alicheka, mara ya kwanza tangu Januari. Lakini wewe ndiye uliyetulea, sikufichi: naogopa sana, Shangazi. Njoo Dodoma. Mama atakaa na Gati. Mimi nikizinduka nataka nikuone wewe.

Nisalimie Baba mdogo Nyangwine na Dorah. Mungu alishike goti lako njia nzima.

Mwanao akupendaye, mwenye mishipa mitatu na asiye na mshipa,

Wangwe