Njia ya Kokoto ya Castelluccio

Mandello, 3 Mei 2009

Kwa mkwe wangu Mirella,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ni magoti tu yanayolalamika, na ziwa limejaa kwa mvua. Wewe hujambo? Zamu za hospitali zinakupa nafasi ya kulala?

Nakuandikia kwa sababu ile pikipiki nyekundu ya marehemu Fausto, ile Guzzi, imewaka tena. Tangu tumzike ilikuwa imelala chini ya turubai, maana kila nikiishika namwona mwanangu. Baridi ya mwaka huu nikasema basi. Nimebadilisha tairi, nimesafisha kabureta, na sasa inanguruma vilevile kama zamani, silinda zake mbili zimetokeza kushoto na kulia, zinanipasha magoti joto bure.

Nakuja nayo kwako Norcia. Usinitazamie upesi. Barabara kuu nimewaachia wenye haraka. Mimi napita milimani, na lami ikiisha naingia kwenye kokoto. Pikipiki yenyewe imeundwa kwa njia zote mbili. Simu ya mkononi sina na sitaki, usianze. Niandikie kwa posta ya Poppi, mji ulio njiani, waniwekee mpaka nipite.

Siku hizi nina wewe tu wa kumtembelea.

Baba mkwe wako,
Egidio

Norcia, 12 Mei 2009

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo, kazi ndiyo ile ile. Nimefurahi kusikia pikipiki imefufuka. Vaa koti zito, huko juu bado kuna baridi.

Nilitaka kukuambia jambo hili ana kwa ana, lakini sipendi uendeshe njia yote hiyo bila kujua. Naolewa Septemba. Anaitwa Duilio, analima dengu na kufuga kondoo kule juu Castelluccio. Nimeshaanza kuhamishia vitu vyangu kwake. Ni mpole, hasemi sana, na anakoroma. Fausto sijamsahau, Baba. Nimechana karatasi nikitafuta namna ya kuandika hivi isikuumize, sikuipata.

Njoo tu. Kitanda chako nimekitandika.

Mkweo,
Mirella

Norcia, 4 Juni 2009

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima, popote ulipo. Hii naituma Mandello, labda umerudi nyumbani. Posta ya Poppi wameniambia kwa simu kwamba mzee mmoja mwenye kofia ya pikipiki alichukua barua yangu, akaisoma amesimama palepale, akatoka bila kuaga. Tangu hapo kimya.

Kila pikipiki ikipita chini ya wodi nachungulia dirishani, mpaka wagonjwa wananicheka. Kama umekasirika, kasirika. Ila niandikie kwamba hujaanguka mahali.

Mkweo,
Mirella

Castelluccio, 9 Juni 2009

Mwanangu Mirella,

Salamu. Mimi mzima, sikuanguka popote. Barua hii atakuletea Duilio akishuka na jibini. Ndiyo, Duilio wako.

Niliposoma maneno yako pale Poppi nilikasirika. Niliona sasa nimebaki mwenyewe duniani. Nikawa nazunguka milimani, nalala kwenye vinyumba vya wageni, asubuhi nawasha na kuondoka bila kujua naelekea wapi. Mwishowe nikasema nikamwone huyo mtu, nimjue ni wa namna gani, kisha nirudi zangu.

Nilipanda kwa njia ya kokoto, nikamkuta anatengeneza ua wa kondoo. Nikamwambia mimi mpita njia, naomba maji. Akaniingiza ndani, akanipakulia supu ya dengu. Nilipoinua macho nikaiona picha ya Fausto ukutani. Nikauliza, kama mgeni asiyejua kitu, huyo ni nani. Akajibu ni marehemu mume wa mchumba wake.

Nikamchokoza makusudi. "Na wewe unakula chakula chako huku mwanamume mwingine anakutazama?"

Akaniongezea supu. "Mirella hakuja peke yake, mzee," akasema. "Amekuja na watu wake."

Nikaweka kijiko chini. Nikamwambia mimi ni nani. Akasema alijua tangu nilipovua kofia, kwamba sura ni ile ile ya ukutani, imezeeka tu. Nikamuuliza mbona alinyamaza.

"Nilitaka ule kwanza."

Nimebaki hapa siku hizi tukimalizia ua wake, nikamwomba asikwambie mpaka nikuandikie mwenyewe. Kushuka kwako naona haya, baada ya kukuacha na hofu kiasi kile alichonisimulia Duilio. Ukitaka nije, mwambie Duilio. Usipotaka, nitateremka upande wa pili wa mlima nirudi kaskazini, wala sitakulaumu.

Egidio,
baba wa Fausto

Norcia, 10 Juni 2009

Shikamoo Baba,

Duilio yuko mlangoni ananisubiri nimalize kuandika. Nimemwambia akae, hataki, ameshika kofia yake kama yuko kanisani. Nimelia, sasa nimeacha.

Kesho sina zamu, niko nyumbani mchana kutwa. Yeye anasema ukungu umeshuka na zile kona za kuja huku ni mbaya, ati nikuandikie uje polepole. Nimemwambia huyu mzee hajui kuja vingine.

Mwanao,
Mirella