Mkono Begani mwa Tavares

Macon, Georgia
9 Juni 2020

Mpendwa Renita,

Salamu kutoka nyumbani. Natumai u mzima na ugonjwa huu umekupitia mbali. Ukiniuliza hali yangu, naamka, nakunywa kahawa, nalala tena. Simu zangu hupokei, wala sikulaumu, kwa hiyo nakuandikia. Siku hizi wanaoandika barua ni mimi na benki tu.

Nilikuona siku tuliyomzika Tavares, umesimama ng'ambo ya barabara na barakoa yako. Waliruhusu watu kumi tu kanisani. Ningekuwa na akili zangu ningekuita.

Nina shida nawe. Mwisho wa mwezi tunaandamana hadi makao ya polisi waliompiga risasi, na kila mtu atavaa fulana yenye picha ya mwanangu. Wanaopuliza rangi fulana za marehemu kama wewe wapo hapa pia, lakini wanawachora watu wote sura moja, wakishawatia mabawa na mawingu basi wameridhika. Wewe na yeye mmelelewa chumba kimoja tangu mama yako alipofariki. Unaijua sura yake hata akiwa amenuna.

Picha utakayomchorea nimeiweka humu. Nimeikata upande, ila mkono wa mtu umebaki begani mwake. Ufute.

Mama yako mkubwa,
Verlene


Atlanta
13 Juni

Kwako Mama Mkubwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila usingizi umenikimbia. Tangu Machi nimechora marehemu wengi mpaka bomba langu la rangi limechoka. Sikudhani nitamchora niliyemfundisha kuendesha baiskeli.

Huo mkono si wa "mtu". Ni wa Jerrell, na unajua. Wameishi pamoja miaka saba. Kwenye kijitabu cha mazishi mlimwandika chini kabisa, baada ya majirani: "rafiki wa karibu". Hakuna familia kwetu isiyo na rafiki wa karibu wa namna hiyo, na hakuna asiyejua maana yake.

Kuna jambo jingine linaniuma. Polisi wanasema Tavares alikuwa akizurura mtaa usio wake, kwa sababu leseni yake ya udereva ina anwani yako. Nawe uliwaambia watu wa televisheni kwamba alikuwa akiishi kwako. Mama Mkubwa, alikuwa ametoka kazini, amebakiza hatua chache afike mlangoni kwake, funguo mkononi. Ukimficha Jerrell unawasaidia polisi kusimulia hadithi yao.

Niruhusu niuache mkono.

Mwanao,
Renita


Macon
17 Juni

Mpendwa Renita,

Natumai umeamka salama. Barua yako nimeisoma, nikakasirika, nikaisoma tena.

Usinifundishe mwanangu alikuwa akiishi wapi. Nimempelekea chakula pale mara nyingi. Nilikuwa nakiweka barazani, napiga honi, naondoka kabla mlango haujafunguliwa.

Tayari wamefukua hadi bangi aliyokamatwa nayo akiwa na miaka kumi na tisa. Wakiongezea na hili, nusu ya kanisa haitatoka, na nusu iliyobaki itasema alijitakia. Mchungaji Sturdivant ameniambia waziwazi, "Dada Verlene, tupiganie jambo moja kwanza. Hilo lingine ni la kwake na Mungu." Wakili naye amesema yaleyale kwa maneno ya bei kali. Wewe una hasira, mimi nina mtoto mmoja aliyekufa na nafasi moja ya kusikilizwa.

Marafiki zako wa aina ya Jerrell wakitaka kuja, waje. Bendera zao za upinde wa mvua waziache garini.

Futa mkono, mwanangu. Sikuamuru, nakuomba.

Mama yako mkubwa,
Verlene


Atlanta
22 Juni

Kwako Mama Mkubwa,

Shikamoo. Mimi sijambo kidogo.

Nimefanya. Fulana zitakuja na basi. Kwenye kitambaa rangi haifutiki, kwa hiyo ilibidi nianze upya. Kwenye picha bega lake limeshuka kidogo kwa uzito wa ule mkono, nikalinyanyua lilingane na la pili. Hapo ndipo nililia. Sasa anaonekana kama mtu aliyekwenda kupiga picha ya kitambulisho.

Mwaka jana aliuawa Keyanna, rafiki yetu aliyezaliwa akaitwa mvulana akaishi kama mwanamke. Aliuawa hapohapo Macon. Tuliandamana tukiwa wachache mpaka magari yakatupigia honi tupishe. Kanisani kwenu hakutoka mtu. Wenzangu wanayakumbuka hayo, na bado watakuja, kwa sababu polisi waliomsimamisha Tavares waliona kijana mweusi, na sisi nasi ndivyo wanavyotuona. Bendera zitabaki garini. Hasira nitakuja nayo.

Mwanao,
Renita


Macon
8 Julai

Mpendwa Renita,

Habari za huko? Magoti yananisumbua tangu siku ya maandamano, mengine namwachia Mungu.

Uliondoka bila kuniaga, na ulikuwa na haki. Wenzako waligawa maji njia nzima. Jua liliponiangusha, yule mrefu mwenye kipini puani alinifunika kwa mwavuli akawa ananipepea. Nikamuuliza, "Mwanangu, wewe ni mwanamume au mwanamke?" Akanijibu, "Leo mimi ni mwenye mwavuli, mama." Nikacheka, Renita. Sikuwa nimecheka tangu Mei.

Jerrell alikuwepo. Alivaa fulana yako, ile tuliyoufuta mkono wake. Mwandishi wa televisheni akamuuliza, "Ulimfahamu vipi marehemu?" Nilikuwa karibu, nasikia. Akanitazama, kisha akamwambia, "Jirani tu." Alinitunzia uongo wangu, nami nikampita kama simjui.

Tarehe nne Agosti baraza la mji litanisikiliza. Mwambie Jerrell aje akae nami mstari wa mbele. Nawe urudishe mkono.

Mama yako mkubwa,
Verlene


Atlanta
19 Julai

Kwako Mama Mkubwa,

Shikamoo. Pole kwa magoti, yakande kwa maji ya moto.

Nimemfikishia. Jerrell hana hasira, na hilo ndilo linalonitisha. Mkataba wa nyumba ulikuwa wa jina la Tavares, kwa hiyo mwenye nyumba amemtaka ahame. Anakwenda kwa dada yake, mji wa Mobile. Aliniuliza, "Mama yake akiulizwa Tavares alikuwa anakwenda wapi, atasema nini?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi nikae mstari wa mbele kama nani? Jirani?"

Mkono nimeuchora, lakini kwenye fulana moja tu, yako. Siwezi kuwavisha watu jambo ambalo wewe hujalisema. Usipoivaa sitakuuliza.

Nimechoka kuwapelekea watu maneno ya wenzao.

Mwanao,
Renita


Macon
5 Agosti

Mpendwa Renita,

Natumai u mzima. Mimi sijalala tangu jana, lakini si homa.

Niliivaa. Mlangoni Mchungaji aliuona ule mkono begani, akavua koti lake akanipa, eti ukumbini kuna baridi. Nikamwambia sisikii baridi.

Niliwaeleza alivyokuwa mtoto mpole, alivyokuwa akifanya kazi, yale wakili aliyonifundisha. Kisha mjumbe mmoja akaniuliza, "Bi Verlene, polisi wanasema mwanao hakuwa na shughuli yoyote mtaa ule. Alikuwa anakwenda wapi?" Nikamwambia, "Alikuwa anarudi nyumbani. Alikuwa akiishi pale na mwenzake, Jerrell, wakipendana, miaka saba. Niliposema anaishi kwangu nilidanganya, kwa kuwa niliona aibu."

Watu wakaguna nyuma yangu. Wengine nilisikia wakisukuma viti na kutoka. Wakili anasema nimebadilisha maneno hadharani na mawakili wa mji watayatumia maneno yangu mwenyewe kumwangusha mwanangu, huenda nimeiharibu kesi. Mchungaji hajapiga simu, wala dada zangu wa kwaya. Aliyenirudisha nyumbani ni yule mwenye mwavuli, akakaa jikoni akala mkate wangu wa mahindi mpaka giza likaingia. Bado kipande chako kipo, ukitaka kuja.

Tafadhali mtafute Jerrell. Namba yake haipatikani, na ya dada yake huko Mobile sina. Nilipolitamka jina lake niligeuka kumwangalia, kana kwamba yupo, na kile kiti nilichomwekea kilikuwa kitupu. Mji mzima umenisikia, Renita, isipokuwa yeye.

Mama yako mkubwa,
Verlene